Habari za Mganga Kehrer na Mshono Uliookoa Akina Mama

1. Sababu ya kuandika habari hizi

Kitabu cha Yubile ni kitabu cha shukrani. Humo huandikwa majina ya waliojenga nyumba za sala, ya waliofundisha watoto kusoma, na ya wale waliokwisha kulala. Imetupasa kuwakumbuka. Lakini wako watu wengine ambao hawakufika kamwe katika Ruanda yetu, iliyo kando ya njia kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Hawakuuona mto Songwe, wala hawakusikia lugha ya Kinyiha. Hata hivyo kazi ya mikono yao imeingia katika nyumba zetu, na wako miongoni mwetu watu wengi wanaoishi kwa sababu yake. Mmoja wao ndiye tunayetaka kueleza habari zake: Ferdinand Adolf Kehrer, mganga wa wanawake, Mjerumani.

Mtu aweza kuuliza, “Mganga wa Ulaya aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita ana neno gani nasi?” Jibu letu ni hili. Siku ya Jumapili, watu wakiisha kutoka kanisani, tazameni watoto wanaocheza uani. Baadhi yao hawakuzaliwa kwa njia ya kawaida. Mama zao walishikwa na uchungu, mtoto akakwama, wakapelekwa hospitali, wakapasuliwa tumbo. Mtoto akatolewa hai, na mama akashonwa akapona. Leo jambo hili halitushangazi tena. Lakini babu za babu zetu walipokuwa vijana, hapakuwa na hospitali hata moja Ulaya nzima iliyoweza kumwahidi mama kwamba akipasuliwa hivyo ataiona tena nyumba yake.

Tena iko sababu ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Katika vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki mama ambaye uchungu wake umekawia amekuwa akiulizwa maswali mabaya. Watu hukusanyika mlangoni, wakasema, “Taja jina la mwanamume uliyekwenda naye, ndipo mtoto atatoka.” Maskini mama, naye yu katika maumivu, huungama hata asiyoyatenda, na saa zinapita. Tena akiisha kupasuliwa na kupona, wako wanaomcheka, wakasema kwamba hakuzaa, ila alizalishwa kwa kisu. Basi twataka kila mtu asomaye habari za Mganga Kehrer aone kwa macho yake mwenyewe kosa la maneno hayo.

2. Hali ya akina mama zamani

Mtoto hupita katika mlango wa mifupa, yaani nyonga ya mama yake. Mlango ukiwa mpana, hupita. Ukiwa mwembamba, au mtoto akilala vibaya, hapiti, hata mama asukume siku tatu. Mifupa haina dhambi. Pengine msichana alikosa chakula chema tangu utoto, mifupa yake isikue vizuri. Pengine alipata mimba kabla mwili wake haujakomaa. Pengine mtoto ni mkubwa tu. Jambo hili limewapata wanawake wa kila nchi, wake wa wafalme na wake wa wachungaji wa mbuzi.

Kupasua tumbo ili kumtoa mtoto ni jambo la kale sana. Lakini kwa muda wa karne nyingi lilifanywa zaidi mama alipokuwa amekwisha kufa, kusudi mtoto aokolewe. Kumpasua mama aliye hai kulikuwa karibu sawa na kumwua. Katika Uingereza na Ireland, hesabu iliyofanywa mnamo mwaka 1865 ilionyesha kwamba kati ya akina mama 100 waliopasuliwa hivyo, 85 walikufa. Nayo Paris, jiji lililosifiwa kwa waganga wake, inasimuliwa kwamba tangu mwaka 1787 hata 1876 hakuna mama hata mmoja aliyepasuliwa akapona.

Kwa nini walikufa hivyo? Zamani za kwanza ilikuwa maumivu na uchafu. Mwaka 1847 mganga James Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kuwalaza wagonjwa usingizi. Mwaka uo huo Ignaz Semmelweis, katika hospitali ya wazazi huko Vienna, aliwaamuru waganga wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua mara moja. Wenziwe wengi walimdharau. Miaka 20 baadaye, mwaka 1867, Joseph Lister wa Glasgow alitangaza namna ya kuosha vidonda na vyombo kwa dawa ya kaboliki ili visioze. Basi maumivu yalipata dawa, na uchafu ukapata dawa. Lakini akina mama waliopasuliwa waliendelea kufa.

Sababu iliyobaki ilikuwa moja, nayo ni ya ajabu kwetu sisi tusomao leo: waganga hawakuwa na desturi ya kushona mji wa mimba. Walishona ngozi ya tumbo kwa nje, na ndani wakaacha jeraha wazi. Walifikiri kwamba mji wa mimba hujikunja wenyewe kama ngumi, na jeraha litajifunga. Tena walisema, “Uzi tutakaoutia ndani hatutaweza kuutoa tena, utaoza na kumwua mgonjwa.” Kumbe jeraha halikujifunga. Damu ilivuja ndani ya tumbo, na usaha ukaifuata damu.

Mwaka 1876, tarehe 21 Mei, mganga Mwitalia jina lake Eduardo Porro, katika mji wa Pavia, alitafuta njia nyingine. Alipomtoa mtoto, aliukata mji wa mimba wote akautupa, maana kitu kisichokuwapo hakiwezi kuvuja. Mama alipona, na mtoto akaishi. Watu walishangilia, nao walikuwa na haki kushangilia. Lakini fikirini gharama yake: mama yule hakuweza kuzaa tena maisha yake yote. Uhai aliupata, na uzazi ukaondoka.

3. Maisha ya Kehrer

Ferdinand Adolf Kehrer alizaliwa tarehe 16 Februari 1837 katika Guntersblum, mji mdogo wa wakulima wa mizabibu karibu na mto Rhine, katika nchi ya Hesse. Wakati huo Ujerumani haikuwa bado dola moja, bali ilikuwa falme na nchi nyingi ndogo ndogo. Alisoma uganga katika chuo kikuu cha Giessen, akabaki huko kufundisha kazi ya ukunga na magonjwa ya wanawake, akapewa cheo cha profesa mwaka 1872.

Mwaka 1881, alipokuwa na umri wa miaka 44, aliitwa kwenda Heidelberg kuwa mkuu wa hospitali ya wanawake ya chuo kikuu cha huko. Hakuondoka tena Heidelberg. Alifundisha hata mwaka 1902, alipostaafu, na mwanawe Erwin Kehrer naye alishika kazi ya baba yake, akawa mganga wa wanawake mwenye sifa huko Dresden. Lakini jambo linalotufanya tulikumbuke jina lake lilitokea mwaka ule ule wa kwanza wa Heidelberg, nalo halikutokea katika jumba kubwa la chuo. Lilitokea kijijini.

4. Siku ile ya Meckesheim

Meckesheim ni kijiji kilicho katika nchi ya vilima karibu na Heidelberg. Tarehe 25 Septemba 1881, nayo ilikuwa Jumapili, mama mmoja wa kijiji hicho mwenye umri wa miaka 26 alikuwa katika uchungu. Njia ya mifupa ilikuwa imebana mno hata mtoto hakuweza kupita. Profesa Kehrer akaja.

Zilikuwapo njia tatu mbele yake. Ya kwanza, kumvunja mtoto ndani ya tumbo na kumtoa vipande vipande, kama waganga walivyofanya mara nyingi ili kumwokoa mama. Ya pili, kupasua na kuukata mji wa mimba wote kama Porro. Ya tatu ilikuwa njia aliyoifikiri yeye mwenyewe.

Aliichagua ya tatu. Kwanza, hakuupasua mji wa mimba kwa wima upande wa juu, kama ilivyokuwa desturi, ila aliupasua kwa kulalia, sehemu ya chini karibu na mlango wake. Maana aliona kwamba sehemu ya chini ni nyembamba na ina mishipa michache ya damu, tena mwili ukiinama kidogo, midomo ya jeraha hukutana yenyewe. Pili, alipomtoa mtoto na kondo la nyuma, alishona jeraha la ndani kwa safu mbili. Safu ya kwanza ilishika nyama ya mji wa mimba. Safu ya pili ilishika ngozi laini iufunikayo, ikalifunga jeraha mbali na matumbo. Kila mwanamke ajuaye kushona ataelewa: nguo nzito haishonwi kwa mshono mmoja, bali hushonwa, kisha hupindwa.

Mtoto alitolewa hai, na mama akapona. Naye alibaki na mji wake wa mimba.

Mwaka uliofuata Kehrer aliandika habari hizo katika gazeti la waganga wa wanawake. Hakuandika kwa majivuno, bali alieleza alivyofanya, ili wengine wajaribu na kuhukumu. Waalimu, hapa tusimame kidogo. Mtu akigundua njia ya kuvuka mto penye mamba, kisha akaivuka peke yake usiku, amejiokoa mwenyewe. Lakini akipigilia nguzo penye kivuko, amewaokoa watu wa vizazi vijavyo. Kuandika kwa Kehrer kulikuwa ni kupigilia nguzo.

5. Sänger wa Leipzig

Lakini nguzo aliyoipigilia Kehrer watu wengi hawakuiona, kwa kuwa kijana mmoja alisimamisha nyingine iliyo ndefu zaidi. Huyu ni Max Sänger, mzaliwa wa Bayreuth mwaka 1853, aliyekuwa msaidizi wa Profesa Carl Credé huko Leipzig. Credé mwenyewe ni mtu wa kukumbukwa. Yeye ndiye aliyetangaza, mwaka 1881, kumtia mtoto mchanga tone la dawa ya fedha machoni mara akiisha kuzaliwa. Kabla ya hapo, katika hospitali yake, watoto kama 10 katika 100 waliugua macho, na wengine wakawa vipofu. Baada ya dawa hiyo hata mmoja katika 100 hakufika. Mtoto wa leo atiwapo dawa machoni baada ya kuzaliwa, ingawa dawa yenyewe imebadilika, desturi hiyo imetoka kwa Credé.

Mwaka 1882, naye hajatimiza miaka 30, Sänger aliandika kitabu kikubwa juu ya upasuaji huu. Alikusanya habari za kila mahali, hata za waganga wa vijiji vya Marekani waliothubutu kushona mji wa mimba kwa uzi wa madini ya fedha na wagonjwa wao wakapona. Kutoka katika habari hizo alionyesha wazi kwamba ni lazima kushona, kushona kwa safu, na kushona kwa karibu karibu. Mwaka huo huo Gerhard Leopold aliifuata njia hiyo, na mama akapona. Ndipo waganga wa Ulaya wakaamini. Kwa sababu hiyo jina la Sänger lilienea kuliko la Kehrer, na kwa miaka mingi watu walipasua kwa wima kama Sänger, wala si kwa kulalia kama Kehrer. Sänger alikwenda kuwa profesa huko Prague, akafa mwaka 1903, kabla hajatimiza miaka 50.

Watu walibishana nani alikuwa wa kwanza. Sisi hatuna haja ya kushika upande. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja alishona kijijini, mwingine akawashawishi walimwengu kushona.

6. Habari za Bunyoro

Sasa twawaomba wasomaji warudi nasi Afrika, maana kuna jambo ambalo halifai kusahauliwa tunapowasifu waganga wa Ulaya.

Mwaka 1879, yaani miaka miwili kabla ya siku ile ya Meckesheim, kijana Mwingereza jina lake Robert Felkin, mwanafunzi wa uganga aliyekuja Uganda pamoja na wamisioni, alifika Kahura katika nchi ya Bunyoro. Huko aliona kwa macho yake mganga Mnyoro akimpasua mama wa miaka 20 hivi, aliyekuwa akizaa mtoto wake wa kwanza na kushindwa.

Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu, kusudi asisikie maumivu. Alifungwa kitandani kwa vitambaa vya nguo ya gome la mti. Mganga aliosha mikono yake kwa pombe ile ile, akaliosha na tumbo la mama, kisha akaosha kwa maji. Akakata kwa haraka chini ya kitovu. Palipotoka damu, msaidizi alipachoma kwa chuma cha moto. Mtoto alitolewa, kisha kondo la nyuma; mganga akaukanda mji wa mimba hata ukajikunja, lakini hakuushona. Ngozi ya nje aliifunga kwa vijiti saba vya chuma vilivyosuguliwa vizuri, vikakazwa kwa kamba za gome la mti. Juu yake akapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa, akafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto.

Felkin alimtazama mgonjwa siku kwa siku. Vijiti vilitolewa kidogo kidogo, na vya mwisho siku ya sita. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga kabisa, na mtoto alikuwa hai. Felkin alisoma habari hizo mbele ya waganga wa Edinburgh mwaka 1884, zikachapwa, nao walistaajabu.

Tuipime habari hii kwa haki. Mganga yule wa Bunyoro hakushona mji wa mimba, na kwa jambo hilo Kehrer na Sänger walimzidi. Lakini alinawa mikono yake kwa kitu kinachoua uchafu, wakati ambapo waganga wengine wa Ulaya walikuwa bado wanamcheka aliyewaambia wanawe. Alikuwa na dawa ya kulewesha, chuma cha kuzuia damu, na wasaidizi waliojua kila mtu kazi yake. Jambo la namna hiyo haliwi siku moja. Ni elimu iliyopokewa kutoka kwa waliotangulia. Jina lake halikuandikwa. Felkin alilichora tendo, hakulitaja jina la mtendaji. Wala kwao Bunyoro hapakuwa na gazeti la kupigilia nguzo. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya watu hawa wawili wa zamani moja, nayo si tofauti ya akili. Mmoja aliandika, na mwingine hakuandikwa.

7. Waliofuata, na kufa kwake Kehrer

Mwaka 1900 Mjerumani mwingine, Johannes Pfannenstiel, alitangaza namna ya kukata ngozi ya tumbo kwa kulalia chini kabisa, ili kovu liwe na nguvu na lisionekane sana. Kovu hilo akina mama wengi wa parokia zetu wanalo. Pfannenstiel alikufa mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 47. Alijichoma kidole alipokuwa akimpasua mgonjwa mwenye usaha, sumu ikaingia katika damu yake. Hivyo homa ile ile iliyowaua akina mama wengi ikamchukua na mganga wao.

Kehrer alikufa Heidelberg tarehe 16 Juni 1914. Majuma machache baadaye vita kuu ilianza, na mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani na Waingereza walipigana huko Karonga, ng'ambo ya Songwe. Wazee wa nchi hii waliwajua Wajerumani wa aina mbili: wale wa bunduki, na wale wa kitabu na dawa, waliofika Unyakyusa mwaka 1891, miaka 10 tu baada ya mama yule wa Meckesheim kupona. Kehrer hakuwa miongoni mwa hao wala hao. Hata hivyo kazi yake imedumu kuliko boma lolote lililojengwa.

Maana ilitokea hivi. Mganga Munro Kerr wa Glasgow alianza tena kupasua mji wa mimba chini na kwa kulalia, akaonyesha katika miaka ya 1920 kwamba kovu la namna hiyo hupona vizuri na halipasuki upesi katika mimba ifuatayo. Polepole dunia yote ikageuka. Njia ya Kehrer, iliyoachwa kwa muda wa miaka 40, ndiyo njia inayofuatwa siku hizi karibu kila mahali, Heidelberg na Mbeya pia. Mwenye njia hakuliona jambo hilo.

8. Mshono ulivyofika kwetu

Kisu na uzi havimwokoi mama ikiwa mwenye kuvishika yuko mbali. Hili watu wa nchi yetu walilitambua mapema. Baada ya Uhuru, Tanzania ilikuwa na madaktari wachache mno, nayo ikawafundisha madaktari wasaidizi, watu wasiopita chuo kikuu, kufanya upasuaji huu katika hospitali za wilaya na za misioni. Wengi wa Ulaya walitikisa kichwa. Lakini uchunguzi uliochapwa mwaka 2009, uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, ulionyesha kwamba madaktari wasaidizi hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi, na kwamba wagonjwa wao hawakufa zaidi ya wagonjwa wa madaktari wenye shahada.

Miongoni mwa walioandika uchunguzi huo alikuwa Dokta Godfrey Mbaruku, Mtanzania, bingwa wa uzazi. Mtu huyu astahili kuwekwa karibu na Kehrer katika kumbukumbu zetu. Alikuwa mganga katika hospitali ya mkoa wa Kigoma katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 hesabu ya hospitali hiyo ilikuwa ya kusikitisha: vifo vya akina mama 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hakungoja fedha kutoka mbali. Yeye na wenzake walitengeneza mambo 22, mengi yao madogo na ya gharama ndogo: kuwafundisha wauguzi na wakunga tena na tena, kutengeneza vyombo vilivyoharibika, kuweka damu tayari, kuondoa ucheleweshaji usio na maana. Mwaka 1991 hesabu ilikuwa imeshuka hata 186. Naye aliandika alivyofanya, kama Kehrer alivyoandika. Alifariki mwaka 2018.

Kwa taifa zima, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika miaka hiyo hiyo, watoto waliozaliwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali waliongezeka kutoka 63 katika 100 hata 81. Twashukuru. Lakini 104 si hesabu tu. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na mara nyingi aliacha watoto wengine nyumbani.

9. Neno kwa parokia na kwa walimu

Mithali yasema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa mama mwenye uchungu maneno haya ni kweli kabisa, na aweza kumkuta si mwana tu, bali mama mwenyewe amekwisha kuondoka. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, huduma nyingi zilisogea karibu na watu. Ruanda iko kando ya barabara kuu, na njia ya Vwawa na ya Mbeya zote zi wazi. Lakini barabara haimsaidii mama aliyefungiwa ndani akiulizwa majina ya wanaume.

Basi kwa heshima zote twawaambia akina baba na wakwe: uchungu ukipita saa 12 mtoto asizaliwe, huenda tatizo liko katika nyonga, au katika namna mtoto alivyolala, au katika nguvu za mji wa mimba. Usiitishe baraza, ita gari. Fedha ya safari iwekwe kabla ya mwezi wa tisa, na mtu wa kutoa damu ajulikane mapema. Haya si mambo makubwa. Ni kama yale 22 ya Kigoma.

Twawaambia akina mama waliopasuliwa: msikubali mtu awaambie kwamba hamkuzaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ninyi mmeujua mara mbili, wa mwili na wa kisu. Yule mama wa Meckesheim naye alizaa.

Nanyi walimu, mnaposoma habari hizi pamoja na watoto darasani, msiishie kwa jina la Kehrer. Watajieni na mganga yule wa Bunyoro asiye na jina. Waambieni watoto kwamba alinawa mikono, akafunga jeraha, mama akapona. Na kwamba tungelijua jina lake kama mtu mmoja tu karibu naye angelikuwa na kalamu. Kisha wapeni kalamu. Wakunga wazee wa vijiji vyetu wangali wanajua mengi, mema na mengine ya kuachwa. Na yaandikwe yote, yapimwe, mema yashikwe. Ndivyo Yubile ijayo itakavyokuwa na majina mengi zaidi ya kushukuru kuliko haya.